Nguvu Zote Si Mwendo Wote

Kayaki ya kuvulia ni chombo cha plastiki, na plastiki hupinda. Ukikaza bolti za mota ya umeme kwenye tezi bila kitu cha kuzishikilia, mtetemo utatanua matundu kidogo kidogo hadi maji yapate njia. Fundi makini huanza na kipande cha alumini nje na kingine ndani ili mzigo usambae, kisha hutia silikoni katika kila tundu. Chombo kikishaingia baharini hakuna anayeviona vipande hivyo, wala anayevisifu. Mimi namheshimu sana mtu anayetumia asubuhi nzima kwa kazi ya namna hiyo.

Mota na mvuvi wakilemea nyuma, omo hunyanyuka na tezi huburura maji, kwa hiyo betri ipelekwe mbele. Rafadha ishuke vya kutosha isimeze hewa, lakini isifikie matumbawe. Unasogeza, unajaribu, unatazama povu, unasogeza tena.

Kilichonifunza zaidi ni kipimo cha ampea. Tuseme mota ya volti 12 inakula ampea 50 kwa nguvu zote: betri ya ampea-saa 100 inakwisha kwa saa 2. Punguza mwendo uwe nusu. Maji hayatakudai nusu ya nguvu, yatakudai kama thumuni tu, na betri ile ile itadumu saa 16 na kukufikisha mbali mara 4. Baharini upepo na mkondo huivuruga hesabu hii, lakini haviipindui. Tena kayaki ya futi 12 ikikaribia noti 4 na nusu huanza kuupanda mlima wa maji inaousukuma yenyewe, na karibu umeme wote unaoongeza hapo huishia kwenye mlima huo.

Hesabu hiyo hunijia kila nikimsikia mtu akisifiwa kwa kuchoka. Mfanyabiashara hapati usingizi, mwanafunzi anakesha, na sisi tunapiga makofi. Naamini sehemu kubwa ya juhudi ile ya mwisho haimsogezi mtu hata hatua. Inapambana na misukosuko iliyozaliwa na haraka yake. Simtetei mvivu. Mwendo wa nusu ni mwendo, na ndio unaofaa kuburura chambo.

Kwenye hori la Kilifi hesabu ya kurudi hutangulia ya kwenda. Wakati wa bamvua maji hupwa zaidi ya mita 3, na mdomoni mkondo wa kutoka huwa mkali. Umeme wa kukurudisha nyumbani utenge kabla hujang'oa nanga, na usiuguse hata samaki wakiwa wanakula pale mbele kidogo.

Tena usiitegemee mota peke yake. Gustave Trouvé, Mfaransa aliyeendesha mashua kwa mota ya umeme mtoni Seine, Paris, mwaka 1881, aliiunda mota yake iweze kubanduliwa pamoja na usukani. Mota ikitoka, mashua ilibaki mashua. Nawe unayejiandaa kufunga yako, weka fyuzi karibu na betri, pima ampea kabla ya kuiamini safari, na kafi lisibaki nyumbani hata siku moja.