Kilwa: mikwaruzo ya motokari nyeusi inaanzia kwenye kitambaa

Kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi, mvua inapokosekana, motokari inayofika Kilwa kutoka Lubumbashi huwa haijulikani tena rangi yake. Ni kilometa karibu 350, na kupita Kasomeno vumbi jekundu linaingia kila pahali. Shofere akishateremsha watu na mizigo, jambo la kwanza anatafuta maji. Vijana wanamngoja na ndoo zao.

Wengi wa vijana hao hawakuzaliwa Kilwa. Familia zao zilikimbia vita katika eneo lile la Mitwaba, Manono na Pweto ambalo watu walilipa jina la pembetatu ya kifo. Wengine walivuka ziwa Moero mpaka Zambia, wakarudi baadaye. Shamba hawana, nyavu za kuvulia hawana, lakini ndoo na kitambaa havihitaji mtaji mkubwa. Mtu anaosha motokari mbili au tatu, jioni mama yake ananunua unga.

Shida ilianza na motokari moja nyeusi. Mwenyewe, mfanyabiashara, aliiacha asubuhi kwa kijana mmoja wa familia iliyotoka upande wa Manono. Kijana akaiosha vizuri, ikawaka. Saa kumi za jioni, jua likiwa limeshuka upande wa mashamba, mwenye motokari akarudi akasimama mbele ya kifuniko cha injini. Pale jua lilipopiga aliona duara ya nyuzi nyembamba, kama utando wa buibui.

“Umeikwaruza na nini, mwanangu?”

“Papa, nimeosha tu. Maji, sabuni na eponji.”

Yule bwana akakataa kulipa. Tena akadai familia ya kijana ichange franga za kupaka rangi upya. Kwa watu wanaoishi katika nyumba ya kuazimwa, deni la namna hiyo si maneno ya mchezo. Wazee wa mtaa wakaitwa. Mmoja wao akawa na akili ya kumwita fundi mzee wa karosri, aliyejifunza kazi yake Lubumbashi.

Fundi hakuuliza nani ana kosa. Aliomba motokari isogezwe kivulini, akawasha tochi ya simu, akaipitisha polepole mbele ya rangi. Duara ikamfuata. Taa ikienda kushoto, duara inaenda kushoto. Ndipo akaeleza: mikwaruzo hiyo haina umbo la duara. Imejaa kila upande, imelala hivi na vile, ila jicho linaona tu ile iliyokingama na mwanga. Kwa hiyo kila taa inajichorea duara yake. Na hiyo ya motokari nyeusi ilikuwa mingi mno, mingine juu ya mingine. Haikufanywa siku moja. Ilikuwa kazi ya miaka, ya mikono mingi, labda tangu motokari ikiwa bado haijafika Kongo.

Motokari nyingi za leo zina tabaka ya vernisi isiyo na rangi juu ya rangi yenyewe. Ni nyembamba: kwa kawaida mikroni 40 hadi 50, yaani sehemu ya ishirini ya milimeta moja, au chini ya hapo. Unywele wa mtu ni mnene kuliko hiyo. Chembe ya mchanga, ambayo inaweza kukwaruza hata kioo, ikishikwa kati ya kitambaa na vernisi inachimba mfereji mdogo. Motokari nyeupe ina mifereji hiyo hiyo, lakini mwanga unaorudi kutoka kwenye mfereji unapotea ndani ya weupe. Kwenye nyeusi, au bulu iliyokolea, unaonekana kama chaki kwenye ubao. Ndiyo sababu anayeosha Land Cruiser nyeupe hasikii lawama, na anayeosha nyeusi anaitwa mharibifu.

Vumbi la barabarani likilala juu ya motokari bila kuguswa halileti mikwaruzo hii. Inaletwa na mkono unaolisugua. Shofere anayepiga vumbi kwa kitambaa kikavu kila asubuhi, kwa kupenda motokari yake ing’ae, anaiharibu kuliko safari ya Pweto.

Tangu siku ile vijana kadhaa wamebadilisha kazi yao. Kwanza maji matupu, mengi, kutoka juu ya paa kwenda chini, mpaka vumbi literemke lenyewe. Hakuna kugusa kabla ya hapo. Halafu ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya maji safi ya kusuuzia kitambaa kila mara kabla ya kukirudisha kwenye sabuni. Mchanga unalala chini ya ndoo ya pili, na kitambaa hakipaswi kufika huko chini. Mkono unakwenda mbele na nyuma kwa mstari, bila kukandamiza. Sehemu za chini, karibu na magurudumu, zinaoshwa mwisho na zina kitambaa chao. Kitambaa kilichoanguka chini hakirudi kwenye rangi siku hiyo, hata kikikung’utwa namna gani. Kukausha ni kwa kulaza kitambaa na kukiinua. Kitambaa cha mikrofibra ni kizuri zaidi. Asiyekipata anatumia tishati ya pamba iliyochakaa, akikata mishono yote na vifungo.

Sabuni ya unga ya kufulia nguo inaondoa nta inayolinda rangi, kwa hiyo sabuni laini ya maji, kidogo tu, inafaa zaidi. Na kuosha juani kunakausha sabuni kabla haijasuuzwa.

Kuna jambo lingine ambalo wamama wanaochota maji walikuwa wamelisema zamani bila kusikilizwa: motokari isiingizwe ziwani. Mafuta ya injini yanabaki kwenye maji ambayo watu wanakunywa, na mchanga wa ufuko unarudi kwenye vitambaa. Maji yabebwe kwa bidoni. Kazi inakuwa nzito, ndiyo.

Kuhusu kuondoa mikwaruzo iliyokwisha kuwapo, maneno mengi yanasemwa sokoni. Mafuta ya kupikia na petroli ya taa vinaificha siku chache tu, kisha inarudi. Msasa ni hatari kubwa mkononi mwa asiyejua. Dawa ya kweli ni ile krimu ya kung’arishia, ambayo inasaga vernisi kidogo sana mpaka iwe sawa na kina cha mfereji. Fundi anajaribu kwanza kwa ukucha: ukucha ukinasa, mkwaruzo umekwenda mbali, uachwe. Usiponasa, anaweka krimu kidogo kwenye sponji laini, anafanya sehemu ndogo ya viganja viwili, anafuta, anatazama kwa tochi. Kwa mkono, kifuniko cha injini peke yake kinaweza kula nusu siku. Kila mara vernisi inapungua, na haiongezeki tena. Wale wanaofunga sponji kwenye mashine ya kukatia chuma, inayozunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, wanaunguza rangi kwa dakika moja. Mashine ya kung’arisha haihitaji hata theluthi ya mwendo huo.

Wazee waliamua kijana alipwe franga zake za kuosha, na deni likafutwa. Mwenye motokari alilipa bila kusema neno.

Sasa, kabla maji hayajamwagwa, kijana anamwita mwenye motokari kivulini, wanazunguka pamoja na tochi ya simu, na picha inapigwa. Kwa motokari nyeusi bei imepanda kidogo, kwa sababu ya bidoni za ziada. Wengine wanakubali. Wengine wanageuza na kuteremka ufukoni, ambako bado wapo wanaoosha kwa ndoo moja.