Sahani ya Pili ya Mister Bean



Umeme ukirudi jioni, watoto wetu wanaomba Mister Bean, na sisi wenyewe hatuondoki mbele ya televizyo. Michezo hiyo ya Mwingereza Rowan Atkinson ilianza kuonyeshwa mwaka wa 1990. Karibu hasemi neno, kwa hiyo nyanya asiyejua Kifaransa wala Kiingereza anacheka sawasawa na mjukuu wake. Lakini kunyamaza kwake kunatufundisha.

Siku yake ya kuzaliwa alienda peke yake kwenye restora, akaagiza chakula asichokijua. Wakamletea nyama mbichi iliyosagwa. Badala ya kusema «hii siiwezi», akaanza kuificha: ndani ya mkate, katika bakuli la sukari, hata katika mkoba wa mama wa meza ya jirani. Mwishoni akamtega mhudumu kwa mguu, akamtupia kosa lote. Basi wakamhamishia meza nyingine, wakamletea sahani mpya: nyama ile ile!

Sahani hiyo ya pili tunaijua. Mama anakosa pesa ya likelemba, anaona haya kusema, anakopa kwa riba ili alipe. Mwezi ukiisha, deni limezaa. Angesema mapema, tungebadilishana zamu. Hata maumivu ya tumbo tunayaficha hivyo, mpaka siku ya kubebwa. Wazee walisema: mficha maradhi, kilio kitamuumbua.

Katika mchezo wa Noeli ya 1992, rafiki yake Irma alimwonyesha pete dukani. Mister Bean akadhani anataka picha iliyowekwa pale. Akamnunulia picha, pamoja na ndoano ya kuitundikia! Irma akaondoka akilia. Mmoja alionyesha kidole tu, mwingine hakuuliza. Nyumba ngapi zetu zinaishi vile? Bwana hasomi moyo. Tumwambie kwa kinywa. Na mtoto aliyenyamaza tangu asubuhi, tumuulize.

Tena tuseme ukweli: wengi wetu hatunyamazi kwa kiburi. Tunaogopa kusemwa njiani na kisimani. Kwa hiyo kazi si ya msemaji peke yake. Katika mkutano wa juma hili, mwenzetu akifungua kinywa, tusicheke, wala tusilitembeze neno lake mtaani. Kucheka tumwachie Mister Bean jioni.