Kisu Kinachofunguka Upesi



Nilipoombwa niandike juu ya jambo lolote lililonifundisha tangu nitoke katika shule hii, nilifikiri kwanza kueleza kazi yangu ya kitalu, jinsi tunavyobebesha miche ya maembe na maparachichi hapa chini ya Mlima Elgon. Lakini kila nilipoketi kuandika, mawazo yangu yalikwenda kwenye kisu. Basi nitaandika habari za kisu, na kabla sijamaliza mtaona kwa nini.

Kisu chenyewe nililetewa na binamu yangu anayefanya kazi Marekani. Alikuja kutusalimu mwanzoni mwa mwaka 2023, nacho kilikuwa katika sanduku lake kubwa, kwa kuwa abiria haruhusiwi kukaa na kisu ndani ya ndege. Ni kisu cha kukunja, na kikiwa kimefungwa hukaa chote kiganjani. Tangu utotoni nilizoea visu vya kukunja vya namna ile inayofunguliwa kwa ukucha: unaingiza ukucha katika mfuo mdogo ulio ubavuni, unavuta, na kama kimeshika kutu ukucha hukatika kabla kisu hakijafunguka. Hiki hakikutaka ukucha. Ubavuni mwa ubapa wake pana kipande kidogo cha chuma, mfano wa kichwa cha msumari. Ukikigusa kwa kidole gumba na kukisukuma kidogo tu, ubapa hutoka wenyewe, ta! na komeo likaingia mahali pake. Mkono mmoja watosha, na mkono wa pili waweza kushika kitu kingine.

Jioni moja nilifungua parafujo zake nipate kuona kilichomo. Ndani ya mpini, karibu na mhimili ambao ubapa huuzunguka, mna waya mwembamba wa chuma uliopindwa. Hiyo ndiyo kamani, au springi kama wengi wasemavyo. Kisu kikiwa kimefungwa, springi huuvuta ubapa ubaki ndani, ndiyo maana hakifunguki mfukoni kwa mtikisiko mdogo. Ukiusukuma ubapa, unafika mahali ambapo nguvu ya springi inageuka: iliyokuwa ikivuta ndani sasa inasukuma nje, na kazi iliyobaki huifanya yenyewe. Ni kama mtoto anayesukuma gurudumu mpaka juu ya kilima. Likifika kileleni na kuanza kuteremka, halimhitaji tena.

Lakini kilima kina pande mbili, na katika kisu hiki hazilingani. Upande wa kufungua una mwinuko mfupi na mteremko mrefu. Upande wa kufunga ni kinyume chake. Kwanza yakupasa kulisogeza komeo, nalo ni bamba jembamba la chuma lililo ndani ya mpini, na kidole gumba hulisukuma kikiwa katika njia ile ile ambayo ubapa utapita. Kisha wausukuma ubapa urudi, huku springi ikikupinga. Ukiuacha nusu njia, hufunguka tena. Ukiendelea kusukuma, karibu kabisa na mwisho springi inageuka na kuuvuta ubapa ndani kwa nguvu, kidole kiwepo au kisiwepo.

Binamu yangu alinieleza kwamba huko kwao wepesi wa kufungua umekuwa jambo la sheria. Mwaka 1958 Marekani ilitunga sheria ya nchi nzima juu ya visu vinavyofunguka kwa kubonyeza kitufe kilicho mpinini. Mwaka 2009 sheria hiyo ikarekebishwa, ili kisu kama changu, ambacho springi hukizuia mpaka mkono uusukume ubapa wenyewe, kisihesabiwe pamoja navyo. Uingereza walikata shauri lingine. Kwa sheria yao ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika katika jambo hili Julai 2021, kisu ambacho springi yake humalizia kukifungua kimepigwa marufuku, hata kukiweka nyumbani. Nilipoyasikia hayo nilicheka. Niliona watu wakubwa wanabishana kwa sababu ya waya mmoja mwembamba. Siku hizi sicheki.

Pale kitaluni nafanya kazi na Mzee mmoja aliyenifundisha kubebesha. Yeye ametoka mbali na kwetu, nasi huzungumza Kiswahili. Kisu chake ni Okapi, aina ile yenye nyota na mwezi mpinini na pete nyuma ya shingo. Kukifungua hutoa sauti, kra-kra-kra, jino baada ya jino. Kukifunga ni sharti uivute pete kwa mkono mmoja na kuukunja ubapa kwa mkono wa pili. Mikono yote miwili ina kazi, na hakuna kidole kinachobaki mbele ya makali.

Nilimwonyesha kisu changu kwa majivuno. Akakitazama, akakipima kwa ukucha kama kina makali, akasema, "Kizuri." Akaendelea na kazi. Nilikasirika kidogo, maana nilitaka astaajabu. Nilijiambia kwamba kazi yetu inahitaji kisu chepesi: mkono wa kushoto umeshika kijiti cha mwembe uliochaguliwa, nao sharti ukichonge pande mbili kama kabari, upasue kichwa cha mche, ukiingize, na kufunga kwa utepe wa plastiki kabla jeraha la mti halijakauka. Nani angetaka kuhangaika na pete?

Baadaye ndipo nilipoangalia vizuri. Mzee alikuwa akifungua kisu chake mara mbili kwa siku, asubuhi na baada ya chakula cha mchana. Katikati ya miche alikichomeka katika kipande cha mgomba kilichokuwa kando yake, ubapa wote ukiwa umezama. Mimi, siku moja nilipojihesabu, nilikuwa nimekifungua na kukifunga changu mara arobaini kabla ya saa sita, na nyingi katika hizo hazikuwa na mche wowote. Nilipenda kuisikia ile ta! Tena nilikuwa nimepata namna ya kukifunga kwa mkono mmoja: nalisogeza komeo kwa kidole gumba, nakandamiza mgongo wa ubapa pajani, na kukiondoa kidole kabla tu springi haijageuka.

Mdogo wangu alikuja kutusaidia kitaluni katika likizo ya Agosti mwaka ule. Alikuwa mwanafunzi wa shule hii, kidato cha nne, na mtihani wa mwisho ulikuwa umebaki wiki chache. Alikuwa akibeba maji na kukata tepe. Kila nilipokifunga kisu alinitazama pajani. Nilijua kwamba ananitazama, na nikiona anatazama nilifanya upesi zaidi.

Siku ya tano nilikiacha kisu juu ya mfuko wa udongo nikaenda kupokea miche lorini. Nikasikia ta! nikatabasamu. Kisha sikusikia kitu. Nilipogeuka alikuwa amesimama akiushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, na damu ikidondoka katikati ya vidole. Alikuwa amekandamiza ubapa pajani, springi ikampinga, akaongeza nguvu, nayo ikageuka kidole gumba kikiwa bado ndani.

Hospitali walimshona nyuzi sita penye kiungo cha kidole. Kano ilikuwa imekwaruzwa, haikukatika. Kidole kilifungwa kwa kibao, asikikunje kwa wiki tatu. Ndicho kidole anachoshikia kalamu.

Nyumbani Mama aliuliza, "Ilikuwaje?" Nami nikajibu, "Alichezea kisu changu nilipokuwa nimegeuka." Neno hilo halikuwa uongo mtupu, ndiyo sababu lilinitoka kwa urahisi. Jirani mmoja aliyekuwapo akatikisa kichwa akasema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Wote wakakubali. Mdogo wangu alinitazama, kisha akatazama chini. Hakusema kitu.

Kesho yake Mzee aliniuliza habari za mgonjwa. Nikamweleza. Akauliza, "Alikatwa akifungua au akifunga?"

"Akifunga, Mzee."

"Kufungua ulimfundisha?"

"Sikumfundisha, alikuwa akiniona."

"Na kufunga?"

Nikanyamaza. Yeye akakichomoa kisu chake katika mgomba, akashika mche uliofuata. Hakuniuliza tena, siku ile wala siku nyingine.

Mdogo wangu alirudi shuleni na kibao chake. Alijizoeza kushika kalamu kati ya kidole cha shahada na kidole cha kati, kidole gumba kikiwa kimesimama pembeni kama mgeni. Usiku aliandika kurasa mbili mbili ili mkono uzoee. Akafanya mtihani wote. Karatasi moja ya hesabu hakuimaliza, kwa kuwa michoro ilimchelewesha.

Hapa ndipo penye aibu yangu, nanyi nisomeni kwa subira. Ningaliweza kumwambia Mama kweli siku ile ile, au wiki ile. Nilingoja matokeo. Nilijisingizia kwamba sitaki kumsumbua, lakini kwa kweli nilitaka kujua kwanza kosa langu litakuwa na uzito gani, kana kwamba uzito wake ulikuwa katika karatasi za mtihani. Matokeo yalitoka mapema mwaka 2024, naye akafaulu. Hesabu zilikuwa chini ya alizozoea kupata, lakini alifaulu. Jioni ile nilimwita Mama nje nikamweleza yote: jinsi nilivyokuwa nikikifunga kisu pajani, na jinsi nilivyofanya upesi zaidi kwa sababu mtoto anatazama.

Mama alisema, "Nilijua. Huyu hafanyi kitu ambacho hajakuona wewe ukikifanya." Kisha akasema, "Kamwambie yeye."

Nilikwenda nikamwambia. Alijibu kwamba yeye naye alijua kidole kiko ndani, ila alidhani atawahi. Tukacheka kidogo, lakini nilikiona kidole chake kikiwa kimelala juu ya meza, kigumu kidogo, kama kilivyo mpaka leo.

Kisu ninacho bado. Utomvu wa maembe uliingia penye mhimili, springi ikawa nzito, nikakisafisha na kukitia mafuta, nacho kinafunguka upesi kama zamani. Asubuhi nakifungua, nakichomeka katika mgomba karibu na cha Mzee, na jioni nakifunga kwa mikono miwili, vidole vyote vikiwa nyuma ya makali. Mdogo wangu akija likizo hukitumia. Siku ya kwanza aliporudi kitaluni sikumwambia neno. Nilikifunga mbele yake polepole, mara tatu, kisha nikampa.

Ninyi mlio shuleni, kisu cha namna hii msikilete humo. Si mahali pake, na walimu wenu wana haki ya kuwanyang'anya. Lakini iko siku mtapewa kimoja, na hakika mtajua kukifungua kabla aliyewapa hajamaliza kueleza. Mwambieni awaonyeshe kwanza jinsi ya kukifunga. Na ikiwa aliyesimama karibu nanyi ni mdogo wenu, kumbukeni kwamba anawatazama mikono.