Maji ya Kambini na Uzito Wake

Watu wengi hudhani ya kuwa mwenye kwenda kulala siku kadhaa mahali pasipo maji ana jambo moja tu la kufikiri, nalo ni kuchukua maji mengi kadiri awezavyo. Sisi tunaoishi Shelui, ambao kila mwaka hufunga tela nyuma ya pawatila na kwenda kuvuna mpunga katika mbuga ya Wembere, twaona ya kuwa jambo hilo lina pande mbili. Maji hunywewa, tena maji hubebwa. Na yanapobebwa huwa mazito kuliko karibu kila kitu kingine tupakiacho. Lita moja ni kilo moja. Dumu la lita 20 ni kilo 20, na plastiki yake yapata kilo moja zaidi. Pipa la lita 200 ni kilo 200, yaani ni kama watu watatu wazima walioketi mahali pamoja bila ya kujongea.

Kwa ajili ya wasomaji walio mbali, Shelui ni mji mdogo wa wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida, katika barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega, chini ya mlima wa Sekenke. Wageni huitaja nchi yetu kwa dhahabu, maana dhahabu ya Sekenke ndiyo waliyoitumia Wajerumani mwaka 1916 kupiga sarafu za rupia 15 huko Tabora wakati wa vita. Lakini mwenyeji akikutana na mwenyeji wakati wa kiangazi, habari ya kwanza ni maji, na dhahabu hufuata baadaye ikiwa nafasi ipo. Siku hizi, kwa fadhila ya Mwenyezi Mungu na kazi ya mafundi, maji ya Ziwa Victoria yamevutwa kwa bomba kutoka upande wa Tinde hadi Shelui. Hata hivyo bomba halimfuati mtu shambani. Ukiteremka magharibi ukaingia katika udongo mweusi wa Wembere, utakuta mbuga iliyojaa maji wakati wa masika, na iliyopasuka nyufa wakati wa mavuno. Na visima vya pande zetu vingi vina chumvi, na baadhi vina madini ya floridi yanayogeuza meno ya watoto kuwa rangi ya kahawia. Na hayo hayaondoki kwa kuchemsha.

Kulala pasipo maji si jambo geni katika mkoa huu. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita kusini yetu, katika pori lililoitwa Mgunda Mkali, na pori hilo liliogopwa kwa ukame wake. Wapagazi walikuwa na namna yao ya kulivuka, nayo ni tirikeza. Neno hilo Richard Burton, aliyepita huko mwaka 1857, aliliandika katika kitabu chake. Walipika na kunywa penye maji, wakajaza vibuyu, wakaondoka jua lilipokwisha kupinda, wakalala pakavu, na asubuhi wakafululiza mpaka maji ya mbele. Mpagazi alikwisha kubeba yapata frasila mbili, nazo ni kama kilo 32, kwa hiyo kila kibuyu alichokiongeza alikihisi mabegani. Sisi twahisi kwa tela, tena twahisi baadaye kuliko yeye, na hapo ndipo ilipo hatari.

Basi mwaka jana tulikuwa watu saba: mama yetu mzazi, sisi wawili, vijana wetu watatu, na mjukuu wa miaka minne. Kazi ilikuwa ya siku tano, mahali palipo mbali na mji yapata kilomita 25. Fundi aliyetuundia tela alitukataza kupakia zaidi ya kilo 700. Tukakaa mkekani jioni, tukafanya hesabu kabla ya kufunga kamba hata moja.

Maji ya kunywa tuliyaweka lita 4 kwa mtu mzima kwa siku, maana kuvuna juani si kazi ya kivulini, na lita 2 kwa mtoto. Jumla yake siku tano ni lita 130. Chakula na chai lita 15 kwa siku. Vyombo na kujisafisha chooni lita 12 kwa siku. Injini ya pawatila nayo hunywa, kwa kuwa aina yetu hupozwa na maji yanayochemka na kupaa kama mvuke, kwa hiyo tuliitengea dumu moja. Ikabaki udhu. Imepokewa ya kuwa Mtume Muhammad (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kiasi cha mudi moja, na mudi nne ni swaa moja, kama vile vibaba vinne vilivyo pishi moja. Wataalamu hukadiria mudi kuwa baina ya lita 0.6 na 0.75. Tukaweka lita 3 na nusu kwa mtu kwa sala tano, nazo kwa watu wazima sita siku tano ni lita 105. Kijana aliyezoea kufungua bomba mpaka mwisho atastaajabu, lakini ajaribu nyumbani kwa birika iliyopimwa, ataona ya kuwa yatosha na kubaki. Kuoga hatukukuhesabu, kitambaa kilichololoweshwa kidogo hufanya kazi kubwa.

Jumla ikawa lita 390. Tukaongeza akiba, yakawa madumu 22, yaani lita 440. Pamoja na plastiki ni kilo 462. Mama, mtoto na dereva ni kilo 130. Chakula, sufuria, turubai na mundu ni kilo 90. Jumla kilo 682. Waliobaki walikwenda kwa miguu na kwa baiskeli. Kijana wetu wa pili alitaka aongeze godoro, akaambiwa godoro lake ni nusu dumu, akaliacha.

Sasa tuseme juu ya kupakia, maana watu huhesabu lita vizuri kisha wakazipanga vibaya. Tela la magurudumu mawili ni kama mizani. Mzigo mzito ukae juu ya ekseli, na uelekee mbele kidogo, ili ncha ya mbele iilalie pawatila. Ukipakia nyuma, mkono wa tela huinuka, na pawatila hupoteza uzito wake juu ya magurudumu. Na barabarani tela huanza kuyumba kulia na kushoto kama mkia wa mbwa. Ukipakia mbele mno, nayo huielemea pawatila, na dereva hawezi kukata kona. Kadhalika sisi hatupendi mapipa. Pipa lililojaa ni zito kulishusha, na pipa lililofikia nusu ni baya zaidi, kwa kuwa maji yake hukimbia huku na huku na kulisukuma tela wakati ule ule unapotaka litulie. Dumu lijaapo pomoni na kufungwa halichezi. Likipasuka, umepoteza lita 20 tu. Na tela lililofunguliwa ili watu walale ndani yake chini ya turubai liwekewe miguu mbele na nyuma, ama sivyo mtu mmoja mnene akipanda kwa nyuma wote mtaamka mkiwa mmeteleza chini.

Madumu saba ya kunywa yalifungwa uzi mwekundu, yakawa mikononi mwa mama. Hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa bila yeye, hata sisi.

Jioni ya siku ya pili walitufikia jirani watano wa shamba la mbali. Mapipa yao mawili yalikuwa yamefungwa nyuma kabisa ya tela; walipovuka korongo tela likasimama wima, mapipa yakaanguka na kupasuka, na ekseli ikapinda. Walikuwa na madumu mawili tu. Usiku ule ule mjukuu wetu akashikwa na tumbo la kuhara. Tulikuwa na pakiti za chumvi-sukari za hospitali, ambazo kila moja hutaka lita nzima ya maji safi, na mtoto hutakiwa anyweshwe kila aendapo haja. Mafuta ya pawatila yetu yalipimwa kwa kwenda na kurudi tu. Dimbwi lililosalia karibu lilikuwa limebadilika rangi na harufu kwa mavi na mikojo ya ng'ombe, wala halikufaa kunywa wala kutawadhia.

Tukahesabu kwa mwanga wa kurunzi. Zilibaki lita 284. Sisi kwa siku tatu twahitaji lita 234. Jirani, kwa kunywa na kupika tu, wapata lita 98. Upungufu ni lita 48, kabla ya kumhesabia mtoto. Na udhu wetu kwa siku hizo tatu ni lita 63.

Mama akasema, "Kuanzia alfajiri tutatayamamu."

Kijana wetu mkubwa, ambaye amesoma chuoni na ana bidii ya dini, hakuridhika. Akasema, "Bibi, shikamoo yako ni juu ya kichwa changu, lakini maji yapo, nayaona kwa macho yangu. Tayamamu ni ya mwenye kukosa maji."

Tukamwambia, "Mwanetu, ulivyosema ndivyo ilivyo katika mlango wa kwanza wa somo. Soma na mlango wa pili. Wanazuoni wamesema ya kuwa maji yanayohitajiwa kwa kiu ya mtu, au hata ya mnyama asiyeruhusiwa kudhuriwa, huhesabiwa kama hayapo. Macho yako yaona dumu. Sheria yaona kiu ya huyu mtoto na ya hawa watano."

Akanyamaza. Usiku hatukulala sana. Mtoto alikwenda haja mara sita, na kila mara mama alimpa kikombe kidogo kidogo, akihesabu kwa vidole. Saa nane za usiku midomo yake ilikuwa imekauka na macho yameingia ndani, na tulikwisha kubaliana ya kuwa akizidi, mmoja wetu atambeba kwa baiskeli gizani mpaka zahanati. Kulipokucha alikojoa, na mama akasema Alhamdulillahi kwa sauti iliyowaamsha wote. Kijana wetu alikuwa amekwisha kusimama pembeni mwa tela, akipiga viganja vyake katika vumbi.

Alfajiri hiyo mmoja wa vijana wa jirani alishika njia ya Shelui kwa baiskeli. Alirudi siku ya nne, adhuhuri, na madumu matatu, kilo 60 juu ya kiti cha nyuma, magurudumu yakizama katika mchanga wa korongo. Mtoto alikuwa akicheza kivulini.

Liko jambo moja la hesabu ambalo wakulima wa Wembere hulipenda, nasi twalitaja kwa kuwa latufaa kila mwaka. Maji hupungua kwa kadiri ile ile mpunga unavyoongezeka. Kila madumu manne yakiisha hupatikana nafasi ya gunia moja, na tela lililokwenda na kilo 462 za maji hurudi na mpunga kwa ekseli ile ile. Siku ya tano tulifunga magunia manne juu ya ekseli, la tano mbele kidogo, na madumu matupu tukayafunga kamba juu yake. Lilibaki dumu moja lililojaa, lenye uzi mwekundu. Jirani walikuwa wakimngoja fundi wa ekseli mpaka kesho yake, mama akawashushia.