Dawa Iko Kwenye Kiitikio

Kila Alhamisi saa nane mchana, kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi huku kaskazini mwa Uingereza, alikuwa akija dada mmoja na gitaa mgongoni na mfuko uliojaa njuga, manyanga na kigoma kidogo cha kushika mkononi. Ni mtaalamu wa tiba ya muziki. Miezi ya mwanzo nilimchukulia kama mtu wa burudani tu: anakuja, anawaimbia wazee nyimbo za ujana wao, wanachangamka, nasi wahudumu tunapata nafasi ya kunywa chai.

Siku moja nikamkuta chumbani kwa mzee wa mwisho wa korido. Mzee huyu ugonjwa wa kusahau umekwisha kumla maneno yote. Kwa zaidi ya mwaka sijamsikia akitaja jina la mtu. Alichobaki nacho ni kugonga. Vidole vyake vya mkono wa kulia hugonga ubao wa kiti tangu asubuhi mpaka alale. Sisi tuliona ni mahangaiko ya ugonjwa, tukawa tunamfunika mkono kwa blanketi ili atulie.

Yule dada aliliondoa blanketi. Hakuimba wala hakugusa gitaa. Alikaa akasikiliza, halafu akapiga kigoma chake vilevile alivyogonga mzee. Mzee akasita. Akagonga tena, taratibu zaidi. Kigoma kikamfuata taratibu. Akaharakisha, kikaharakisha. Mara akapiga tatu, ta-ta-ta, akainua uso, akangoja.

Alingoja! Mtu anayengoja anajua kwamba yuko mwenzake. Nilisimama mlangoni na beseni la maji ya kumwogesha mpaka maji yakapoa.

Uani, Ngamiani

Akili yangu ilikuwa imeshafika Tanga, Ngamiani, kwenye ua wa jirani yetu, nami sijatimiza miaka kumi. Mama wa nyumba ile alikuwa amezika mtoto, na tangu siku hiyo hali, hasemi, amejiinamia na kanga kichwani. Alipelekwa hospitali, akarudi na vidonge na hali ileile. Ndipo wakubwa wakaamua apigiwe ngoma ya pepo. Sisi watoto tulikatazwa kusogea, kwa hiyo tulisogea. Tulichungulia kwenye matundu ya ua wa makuti, ubani ukituwasha macho.

Ninachokikumbuka zaidi ni jinsi wapigaji walivyokuwa wakitafuta. Kila pepo ana ngoma yake: wa Kiarabu hapandi kwa mdundo wa Kimasai, na wa Kimasai hajali wa Kinyika. Fundi akapiga huu, mwele kimya. Akabadili, kimya. Usiku ukaenda. Kwenye mdundo wa nne au wa tano bega la yule mama likacheza kidogo, kama la mtu aliyetuliwa na inzi, na bibi mmoja akapiga ukelele: "Huohuo! Msiuache!" Ua mzima ukapokea wimbo, wanawake wakapiga makofi, na mama wa watu akaanza kuyumba, kisha akalia. Tangu msiba ule kilikuwa kilio chake cha kwanza.

Nikakua, nikasoma, nikapanda ndege, na miaka yote hiyo usiku ule nimeuweka kwenye fungu la ushirikina. Halafu huku nikamwona dada mwenye shahada ya uzamili akifanya kazi ya fundi wa Ngamiani: anatafuta mdundo wa mgonjwa mwenyewe, na akishaupata hauachi.

Huku ni taaluma

Nilianza kumdadisi wakati wa chai. Kumbe Uingereza huwezi kuamka tu ukajiita mtaalamu wa tiba ya muziki. Jina hilo linalindwa na sheria: lazima uwe na digrii ya uzamili na uwe kwenye orodha ya HCPC, chombo kilekile kinachosajili wataalamu wa viungo na wa matamshi. Ukimdhuru mgonjwa unaweza kufutwa.

Historia yenyewe si ya juzi. Mwaka 1958 mpiga selo Juliette Alvin alianzisha chama cha tiba ya muziki nchini humu. Mwaka uliofuata mtunzi wa Kimarekani Paul Nordoff na mwalimu Mwingereza Clive Robbins wakaanza kufanya kazi pamoja na watoto wenye ulemavu huko Sunfield, Worcestershire. Nordoff alikaa kwenye piano akifuata sauti na mwendo wa mtoto mwenyewe, kama mtoto ndiye mwenye wimbo na yeye ni mwitikiaji tu. Dada yetu wa Alhamisi amesoma kwenye njia hiyo.

Siku hizi muziki umeingia hata kwenye mapafu. Mwaka 2020, Covid ilipowaacha watu wengi wakihema kwa shida miezi mingi baada ya kupona, kampuni ya opera ya taifa ya Uingereza, ENO, ilishirikiana na hospitali za Imperial mjini London kuwafundisha kupumua kwa kuimba kupitia intaneti. Na waimbaji wale wa opera hawakuwapa wagonjwa opera. Waliwapa nyimbo za kubembelezea watoto, maana ni fupi, ni za polepole, na kila mtu anazijua tangu mgongoni kwa mama yake. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2019 lilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya.

Wenyewe wanaita haya kumtibu mtu mzima-mzima, mwili, akili na roho. Nikisikia hivyo natabasamu. Sisi tuna neno moja kwa asiyeumwa, kwa kisichovunjika na kwa aliye hai: mzima. Kila asubuhi tunaulizana, "U mzima?"

Kwetu ni ngoma

Mwaka 1992 mwanaanthropolojia John Janzen alitoa kitabu alichokiita kwa neno letu, *Ngoma*, baada ya kuzunguka Dar es Salaam, Kinshasa, Swaziland na Cape Town. Kilichomvuta ni kwamba kwenye eneo lote hilo la lugha za Kibantu, neno linalotaja chombo cha kupigwa linataja pia wimbo na mchezo wake, na vilevile mkusanyiko wa watu waliopatwa na shida inayofanana. Na mkusanyiko huo una kanuni moja kubwa: aliyetibiwa haondoki. Anakuwa mteja, yaani mwanagenzi, anajifunza, na mwisho anawatibu wengine. Fundi niliyemwona Ngamiani naye alianza kwa kulazwa mkekani.

Huku mgonjwa akipata nafuu faili linafungwa. Kwetu akipata nafuu anapewa manyanga.

Tofauti ya pili ni mlango. Dada wa Alhamisi alikuwa akiufunga, kwa sababu siri ya mgonjwa ni haki yake, na mimi nilipochungulia siku ile nilivunja utaratibu. Kwetu ua uko wazi, na uwazi huo ni sehemu ya dawa. Nani hajui kwamba pepo husema yale mwenye kichwa chake hathubutu kuyasema? Unguja kuna pepo wa kibuki, ambao asili yao ni Bukini, yaani Madagaska. Hawa huchezewa kwa kodiani na kayamba na hunywa brandi hata kama kiti chao, yaani mtu wanayempanda, ni mwanamke aliyesali tangu utotoni. Pepo akipanda anadai kanga mpya, pete, heshima, mume arudi nyumbani mapema. Mke angedai hayo mezani angeambiwa ana gubu. Sasa nani atambishia pepo, tena mbele ya mtaa mzima? Mume anaahidi, na mashahidi wapo.

Tofauti ya tatu ni muda. Mzee wangu alikuwa na nusu saa. Ngoma ya Ngamiani ilikesha, na watu waliokesha walikuwa wameacha biashara zao na vitanda vyao. Mgonjwa anayeona watu arobaini wamekosa usingizi kwa ajili yake ameshatibiwa nusu kabla fundi hajagusa ngozi ya ngoma.

Pale tunapokosea

Nisije nikaonekana napamba kwetu kwa sababu ya ugeni na baridi. Binamu yangu alianza kuanguka kifafa akiwa na miaka saba. Alipigiwa ngoma tatu. Baba mdogo aliuza ng'ombe, akauza baiskeli, na mtoto akaendelea kuanguka, mara moja karibu na jiko la mkaa. Kovu analo hadi leo. Kila ngoma iliposhindwa tuliambiwa masharti hayakutimizwa: mbuzi hakuwa mweusi vya kutosha, mama yake alikula samaki aliyekatazwa. Miaka minne ilipita kabla hajapewa vidonge vya fenobabito, na kuanguka kukakoma.

Hilo ndilo ninalowahusudu watu wa huku. Dada wa Alhamisi alikuwa akiandika kila kikao: mgonjwa alifanya nini, alitazama wapi, alikataa nini. Alikuwa na ruhusa ya kuandika kwamba haikusaidia, akabadili njia au akamrudisha mgonjwa kwa daktari. Kwetu ngoma haishindwi; anayeshindwa ni mwele.

Lakini na huku pana upungufu wake. Mwaka jana bajeti ya nyumba yetu ilipokatwa, cha kwanza kuondolewa kilikuwa muziki. Dada akaaga, kigoma chake akaenda nacho. Mzee akaendelea kugonga, ta-ta-ta, na kungoja. Watoto wake huja Krismasi. Ndipo nilipoona kwamba tiba ya huku, pamoja na utaalamu wake wote, inategemea mtu mmoja anayelipwa kwa saa. Ameondoka, hakuna ua wa kuupokea wimbo.

Nyumbani nako serikali imejitahidi upande mmoja. Kitengo cha tiba asili pale Muhimbili kilianza mwaka 1974, na leo ni taasisi. Tangu mwaka 2002 tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na baraza lake la kusajili waganga. Lakini ukisikiliza mazungumzo yenyewe, aghalabu ni ya majani, mizizi na magome. Mti umeingia maabara, ngoma imeachwa uani. Masheikh na wachungaji nao hawataki kuisikia, kwa sababu ya pepo, na siwalaumu. Ila kumtuliza mgonjwa kwa sauti hakukuanza na pepo. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alifundisha matabibu kuusikiliza mshipa kama mtu anavyosikiliza mizani ya muziki. Hospitali iliyojengwa na Sultani Bayezid wa Pili mjini Edirne mwaka 1488 ilikuwa na wanamuziki wa kuwapigia wagonjwa. Na ni kanisa gani la kwetu lisilokuwa na kwaya ya kwenda kumwimbia mgonjwa kitandani?

Abee

Mama yangu alipigwa na kiharusi miaka miwili iliyopita. Upande wa kulia ukalala na maneno yakaenda nao. Nilipopiga simu ya video aliniangalia, akafungua kinywa, na kilichotoka si jina langu wala si neno lolote. Machozi yakamtoka kwa hasira. Niliporudi kazini usiku ule nilikuwa naogesha wazee wa watu huku najiuliza nani anamwogesha wangu.

Waliokuwa wakimwogesha ni wanawake wa kikundi chake cha maulidi. Walipeana zamu kama sisi, bila ratiba ukutani: huyu uji, huyu kumkanda kwa maji ya moto, huyu kufua. Ijumaa moja walikaa mkekani kando ya kitanda chake wakaanza kaswida, kwa sababu ndivyo walivyozoea kufanya Ijumaa, na kwa sababu walidhani hatajua. Walipofika kwenye kiitikio, mama akaitikia. Maneno yote, kwa mpangilio wake. Shangazi alinipigia simu analia na kucheka, akiniambia ni muujiza.

Sikumkatalia. Lakini nilijua pia kwamba mwaka 1973 matabibu wa Boston walitengeneza tiba ya kumrudishia maneno mtu wa kiharusi kwa njia ya kiimbo, kwa kuwa mara nyingi asiyeweza kusema bado anaweza kuimba. Mgonjwa huimba sentensi fupi huku akigongagonga kwa mkono wa kushoto, kisha kiimbo kinapunguzwa polepole mpaka yabaki maneno. Gabrielle Giffords, aliyepigwa risasi kichwani mwaka 2011 akiwa mbunge wa Marekani, alisaidiwa na tiba ya muziki kuanza kusema tena.

Nikamtafuta dada wa Alhamisi, akanieleza hatua za mwanzo. Nami nikamweleza shangazi kwa simu, shangazi akawaeleza wenzake, na kikundi cha maulidi kikawa kinamwimbisha mama "nataka maji" na "nimechoka" kila siku, huku vidonge vya presha anameza na kliniki anahudhuria. Shangazi nilimpa daftari aandike. Ameandika hata siku ambazo hakuna kilichotoka.

Kazini nilianza kumwitikia mzee wangu mwenyewe. Nikimwogesha, akigonga, nagonga ukingo wa beseni. Wenzangu walicheka wiki moja. Sasa wawili wanafanya hivyohivyo.

Mtoto wa pwani, kabla hajajua kuhesabu, hufundishwa kuitika. Ukiitwa na mkubwa usiseme "nini"; mvulana huitika "naam," msichana "abee." Nilichapwa kwa hilo zaidi ya mara moja. Jumapili iliyopita, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikiwa kwenye maegesho nangoja zamu ianze, kioo cha gari kimefunga barafu, simu ikalia. Ni mama. Alinitazama muda mrefu, mkono wake wa kushoto ukigonga paja. Kisha akaliimba jina langu, silabi tatu, kwa kiimbo alichokuwa akiniitia toka uani saa za magharibi, akangoja.

"Abee, mama."