Msuka wa Kisu

Watu wanaoniuliza habari za kazi niliyoifanya katika mapori ya kusini, tangu zama za Tanganyika mpaka nilipostaafu katika Tanzania, aghalabu huanza na bunduki, kwa kuwa hudhani kwamba bunduki ndiyo iliyokuwa sahibu wa kwanza wa askari wa Bwana Nyama, yaani askari wa wanyamapori. Nami, bila ya kuivunjia bunduki heshima yake, huwajibu kwamba zilipita siku nyingi ambazo bunduki ilibebwa begani tangu alfajiri mpaka magharibi isifyatuliwe, lakini haikupita hata siku moja ambayo kisu hakikutoka katika ala yake. Kwa kisu tulibandua magome ya miombo tukapata kamba, tukachonga vigingi vya hema, tukachuna nyama, tukakata miti ya machela ya mwenzetu aliyeshikwa na homa, tukatoa miiba katika nyayo. Chombo kinachotumiwa hivyo hakistahili kununuliwa kwa macho peke yake, na maadamu nimejaliwa umri wa kuandika, nataka jambo hili liandikwe kabla ya mengine.

Pori nililolitumikia ni lile lililopewa mwaka 1922 jina la Frederick Selous, Mwingereza aliyeuawa Beho Beho mwezi wa Januari 1917 katika Vita Kuu ya Kwanza, na ambalo tangu mwaka 2019 sehemu yake kubwa inaitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kituo changu kilikuwa upande wa Liwale, nchi ya Wangindo, ambamo vijiji vingi vilihamishwa katika miaka ya 1940 kwa sababu ya ugonjwa wa malale, hata mtu akaweza kutembea kutwa nzima asikutane na moshi wa jiko. Mvua za kusini huanza mwishoni mwa mwaka zikaendelea mpaka Aprili au zaidi, na wakati huo Matandu, Mbarang'andu na Luwegu hujaa, vivuko hupotea, na askari aliyekutwa na mafuriko ng'ambo ya mto hana duka, hana fundi, hana hata mtu wa kumwazima. Huishi kwa kile alichokifunga kiunoni siku alipoondoka kituoni. Kwa hiyo tuliposema kisu cha kutegemewa, hatukuwa tukisifu. Tulikuwa tukitaja sharti.

Aliyenifundisha kuchagua alikuwa mzee wa Kingindo aliyetuongoza katika doria, ambaye kabla ya kushika kazi ya serikali alikuwa mrina asali, na katika ujuzi wa chuma cha mkononi sikupata kumwona aliyemzidi. Kila kiangazi mchuuzi mmoja wa Lindi alikuwa akifika kituoni, akatandika mkeka wake chini ya mkwaju, akavipanga visu vyake kwa safu: vya kukunja, vya ala ya ngozi, vya mpini wa pembe, na kimoja kikubwa kilichong'aa hata vijana wote tukainama kukitazama. Mzee alikiokota hicho kilichong'aa, akalishika bapa lake kwa vidole viwili, akaugonga mpini kwa ukucha, akauweka sikioni.

"Shikamoo, mzee," alisema mchuuzi. "Hicho kimetoka Ulaya."

"Marahaba. Msuka wake unafika wapi?"

"Msuka umo ndani ya mpini, mzee, hauonekani."

"Kama hauonekani kwangu mimi ninayetaka kununua, utaonekana kwa nani?" Akakirudisha mkekani taratibu, kwa adabu, kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu, makali utayatengeneza mwenyewe kila jioni. Msuka hutengenezwa na mhunzi mara moja, nawe ukiwa porini huwezi kuurefusha."

Msuka ndio ule ulimi wa chuma unaotoka katika bapa ukaingia mpinini, na kwa kuwa umefichwa, ndio mahali ambapo mtengenezaji asiye mwaminifu huiba chuma. Katika visu vingi vilivyoletwa kwetu ulikuwa mwembamba kuliko kidole cha mwisho, ukifika nusu ya mpini au pungufu, umeshikizwa kwa lakiri na kufunikwa kwa noleo la shaba lililosuguliwa vizuri. Kisu cha namna hiyo hukata mkate na samaki maisha yake yote bila ya lawama, na mahali pake ni jikoni. Kile anachokihitaji mtu wa porini ni kisu ambacho bapa na msuka ni kipande kimoja cha chuma chenye upana ule ule tangu nchani mpaka mwisho wa mpini, mbao zikiwa zimepigiliwa kwa misumari pande mbili, hivi kwamba mbao zikipasuka, chuma kinabaki, na mtu aweza kukizungushia gome la myombo akaendelea na kazi.

Mzee alinipeleka kwa mhunzi wa Nachingwea. Mji huo ulikuwa bado umejaa masalia ya ule mpango mkubwa wa karanga ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951, na katika vyuma chakavu vilivyobaki wahunzi walipata hazina, kwa sababu springi ya lori ni chuma cha pua chenye kaboni kiasi cha sehemu 6 katika 1,000, kilichokusudiwa kupinda na kurudi bila ya kuvunjika. Sifa hiyo, ambayo lori huihitaji katika mashimo, ndiyo anayoihitaji mwenye kisu anapokibana baina ya mifupa. Nilikaa siku nzima nikimtazama. Fuawe lake lilikuwa kipande cha reli. Aliitia springi katika makaa, mtoto wake akavuta mivukuto, ikaiva nyekundu, akaifua mpaka unene wake ukapungua ukafika kama milimita 4 mgongoni, akaiacha ipoe polepole, akaichonga kwa tupa. Ndipo ikaja saa aliyomkataza mtoto kusema: alikitia kisu motoni tena, akakitazama rangi, akakichovya katika mafuta machafu ya injini badala ya maji, kwa maana maji hupoza kwa ghafla mno na chuma cha springi huweza kuingia ufa. Kilipotoka kilikuwa kigumu lakini chepesi kuvunjika, basi akakisugua mpaka kikang'aa, akakiweka juu ya chuma cha moto, akangoja rangi ya majani makavu itambae kutoka mgongoni kuelekea makalini, na ilipofika tu akakitoa. Huko kurudishiwa joto kidogo ndiko kunakokipa kisu uvumilivu, na mhunzi anayeruka hatua hiyo kwa haraka ya soko huuza kitu kitakachomeguka kama kigae.

Mpini aliufanya wa mninga. Nilitaka mpingo, ambao ni mti mzuri wa nchi ile na kila kijana aliutamani, lakini akanieleza kwamba mpingo ukisuguliwa sana huteleza katika mkono wenye damu au mafuta, tena ni mzito hata huzama majini, ilhali mninga hautanuki wala kunywea sana kwa mvua na jua. Alitoboa matundu matatu, akapigilia misumari ya shaba, akalainisha mbao kwa majani ya msasa, na kabla ya kupigilia alinipa kisu kikiwa kitupu, bila ya mpini, nikashika msuka wote kwa kiganja changu.

Watu wengi siku hizi husifu chuma kisichoshika kutu, ambacho Harry Brearley wa Sheffield alikifanikisha mwaka 1913 kwa kutia kromiamu ya asilimia 12 na zaidi, nami siwabishii wavuvi wa Kilwa wanaokichagua, kwani bahari haina huruma na chuma cha kawaida. Lakini aghalabu chuma hicho huwa kigumu kunoleka, na mtu aliye mbali na duka hana kinoo ila jiwe la mtoni. Kisu cha springi hunoleka kwa jiwe lolote laini lililolowana maji, kisha kwa ngozi ya mkanda, katika muda wa kuchemsha chai. Kutu yake huzuiwa kwa kukifuta kila jioni na kukipaka nta ya nyuki, ambayo Liwale haina uhaba wake; na baada ya kukata maembe mabichi na ndimu kwa msimu mmoja, bapa hugeuka rangi ya kijivu na samawati ambayo huwachukiza wasiojua, kumbe rangi hiyo nayo ni kinga dhidi ya kutu.

Thamani ya msuka niliiona kwa macho yangu katika masika moja tulipokwama ng'ambo ya Mbarang'andu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na mchana, viberiti vimelowa, na mmoja wetu alikuwa akitetemeka kwa homa kiasi cha kututia hofu. Mzee hakuokota kuni zilizolala chini. Alitafuta tawi lililokufa lingali limesimama, akasema kwamba maji hayajaingia moyoni mwake. Njia ya kuufikia moyo huo ni kuweka makali juu ya kichwa cha gogo na kuupiga mgongo wa kisu kwa rungu mpaka gogo lipasuke, na kuyapasua mapande tena na tena, mpaka umefika penye mti mkavu na mweupe. Mwenzangu alijaribu kwa kisu chake cha dukani, kizuri mno kwa macho. Kwa mapigo machache kikakatika penye noleo, bapa likabaki ndani ya gogo na mpini mkononi mwake, na pale palipokatika tuliona msuka mwembamba kama msumari. Changu kilimaliza gogo lile na mengine. Kutoka katika moyo wa mti Mzee alichonga wimbombo, akatoboa kishimo na mfereji wake, akachonga ulindi, akakwangua mapande mengine akapata nyuzi nyembamba zilizojikunja, na tukapekecha kwa zamu mpaka viganja vikawaka, kisha ukatoka moshi, kisha cheche. Kabla ya usiku wa manane mgonjwa alikuwa amekunywa uji wa moto.

Kuna wajibu mwingine wa makali ambao sipendi usahauliwe. Sisi tulio Waislamu tumefundishwa kwamba mwenye kuchinja akinoe kisu chake vizuri amwondolee mnyama mateso, wala asikinoe mbele ya macho ya mnyama huyo. Na katika kazi yetu, ambapo mara kwa mara tulimkuta nyati au pofu ameshikwa na tanzi la waya la wawindaji haramu, mguu umeoza na uhai ungalipo, mafundisho hayo yalikuwa yakinijia kwa nguvu sana. Waya wenyewe haukatwi kwa kisu. Tulibeba koleo kwa kazi hiyo, na askari aliyeharibu makali yake kwa waya alisemwa mbele ya wote.

Kuhusu ukubwa sitasema mengi. Bapa la inchi 4 mpaka 6 linatosha, na anayetaka kufyeka achukue panga, kama yale ya chapa ya mamba yaliyoletwa kutoka Birmingham, wala asikilazimishe kisu kuwa panga. Katika miaka ya 1980 vilitapakaa visu vikubwa vyenye mpini mtupu wa bomba, ndani mna ndoana, uzi na viberiti, na kifuniko chenye dira, na vijana wetu wakavitamani. Niliwaomba wafikiri: mpini ukiwa mtupu, msuka umekwenda wapi? Bapa limeshikizwa mdomoni mwa bomba tu, na pigo lote la rungu huangukia hapo. Yale meno ya msumeno mgongoni hayakati gogo, kwa kuwa ni mafupi na hujaa unga wa mti, tena huharibu rungu na kunasa kamba. Uzi na ndoana vina mahali pake mfukoni.

Iko kazi moja kiliyopewa kisu ambayo haikuwa yake. Zamani zile masanduku ya huduma ya kwanza yalikuwa na kijembe kidogo na unga wa zambarau, tukaambiwa tuchanje penye jeraha la nyoka tutie unga. Tiba imekwisha kuiacha njia hiyo, kwa sababu kuchanja huongeza kutoka damu na kuoza, na sumu haitoki. Kwa aliyeumwa na nyoka kisu kina kazi njema zaidi: kukata vijiti vya kuufunga mguu usicheze, na miti miwili mirefu ya machela ya kumfikisha hospitali upesi.

Kijana anayenunua kisu leo ningependa aende na tupa mfukoni. Aipitishe polepole karibu na makali: ikiteleza, au ikishika kidogo tu, chuma kimepata ugumu wake, ikila kwa urahisi, chuma ni laini, akiache. Alowanishe mkono, akamate mpini kwa nguvu kama anayetaka kuchoma, aone kama vidole vinateleza kuelekea makalini. Atazame ala, kwa kuwa ala isiyoshika kisu wakati wa kukimbia ni hatari kwa paja la mwenyewe. Kisha, kama ananunua kwa mhunzi, afike kabla ya mpini kupigiliwa, aombe kuuona msuka. Wahunzi wanaofua springi za magari wangalipo katika miji mingi ya nchi yetu, na aliye mkweli atakupa chuma kitupu ukishike bila ya kuombwa mara mbili. Kazi yake ni ya siku nzima ya moto na nyundo, na bei anayotaja kwa kawaida ni ndogo kuliko jasho lake, kwa hiyo mnunuzi ailipe yote, asiombe kupunguziwa.