Sufu ya Nanyuki Ilipofika Shetland

Glasgow, Oktoba

Dada yangu mpendwa,

Bila shaka Mama amekuambia kwamba nilikwenda Shetland kununua nyuzi. Nilimpigia simu nikiwa bandarini, na upepo ukala nusu ya maneno yangu. Sasa nikueleze vizuri, kwa sababu safari hii inakuhusu. Ile sufu uliyonitumia kutoka Nanyuki nilikwenda nayo.

Shetland ni visiwa vilivyo mbali kaskazini ya Uskoti. Unapanda meli Aberdeen jioni, unalala baharini, na asubuhi unashuka Lerwick. Tangu mwaka 2010 hufanyika huko wiki nzima ya sufu, siku hizi mwishoni mwa Septemba, na wafumaji humiminika kutoka kila pembe. Huhitaji kuuliza nani anakwenda kwa ajili hiyo. Kila mwaka mchoro mmoja wa kofia hutolewa bure, kila mtu huufuma kwa rangi azipendazo, kisha huvaa kofia yake safarini. Melini nilikuta vichwa vingi vyenye nakshi ileile, wala hapakuwa na kofia mbili zilizofanana rangi. Mimi yangu niliifuma kwa wekundu wa udongo na kijani cha majani ya chai. Kabla hatujatoka bandarini Aberdeen, mama mmoja wa Norway alikuwa amekwisha kunishika kichwa akihesabu vitanzi.

Nilianzia Jamieson & Smith, pale North Road. Kwa mbele ni duka la kawaida la nyuzi, lakini kwa nyuma kuna ghala, na ghala ndilo lililonishika. Wafugaji wa visiwa huleta pale manyoya ya kondoo wao, nayo huchambuliwa kwa mkono. Mchambuzi hutandaza mezani manyoya ya kondoo mmoja, yakiwa bado yameshikana kama yalivyotoka mwilini, akayapapasa na kuyagawa. Ya shingoni na mabegani ni laini, ya mapajani ni magumu. Laini kabisa huenda kwenye uzi wa shali nyembamba, ya kati huwa sweta, na magumu huishia kwenye mazulia. Nilikukumbuka pale, dada, maana na wewe hufumba macho unapopima sufu kwa vidole.

Kondoo wenyewe ni wadogo, wa mkia mfupi, na wana rangi nyingi ajabu. Wafugaji wanatambua rangi 11 kuu na mabaka ya aina 30, kila moja ina jina lake. Ndiyo maana unaweza kufuma sweta nzima yenye nakshi za rangi tano bila kutia rangi hata uzi mmoja. Nilichukua kahawia nyekundu wanayoiita moorit, kijivu cha chuma wanachokiita shaela, na nyeupe ya asili. Za kutiwa rangi nilichukua madonge ya gramu 25. Donge moja lina takriban mita 115, na sweta ya mtu mzima hula mengi, kwa hiyo mfuko ulianza kujaa siku ya kwanza.

Duka la pili, Jamieson's, liko mjini kwenye Commercial Street. Hilo ni kampuni nyingine kabisa, usiyachanganye. Ukuta mzima una vishubaka hadi juu, kila kishubaka na rangi yake, na rangi zinapita 200. Nilisimama pale muda mrefu kabla sijagusa kitu. Ukilichukua donge la buluu ukalipeleka mlangoni kwenye mwanga, unaona ndani yake chembe za kijani, zambarau, hata waridi. Sababu ni kwamba sufu hutiwa rangi kabla ya kusokotwa. Rangi kadhaa huchanganywa zingali manyoya, kisha ndipo uzi husokotwa. Uzi uliochovywa rangi moja ukiwa umekwisha kusokotwa haupati kina hicho. Kiwanda chao kiko Sandness, upande wa magharibi, ambako barabara inaishia na bahari inaanza. Tulikwenda kwa gari la mwenyeji wetu, na harufu ya mafuta ya sufu ilitupokea mlangoni. Manyoya yanaingia upande mmoja yakiwa na majani na matope, upande wa pili unatoka uzi. Nilifurahi sana kuona kazi yote iko mahali pamoja na malisho.

Kuhusu zile nakshi zenye jina la kisiwa cha Fair Isle, utasikia hadithi nyingi. Iliyoenea zaidi ni ya meli ya Kihispania, El Gran Grifón, iliyovunjikia kwenye kisiwa hicho mwaka 1588. Inasemekana mabaharia ndio waliowafundisha wanawake kufuma maua na misalaba. Wanahistoria hawaikubali, nami nawaunga mkono. Inaniudhi kuona kazi ya mikono ya wanawake ikitafutiwa mwalimu kutoka nje, kwa sababu tu ni nzuri mno. Umaarufu mkubwa ulikuja baadaye. Mwaka 1922 mrithi wa ufalme wa Uingereza, Edward, alivaa sweta ya Fair Isle akicheza gofu St Andrews, na fasheni ikaenea.

Ufundi wenyewe una kanuni rahisi na mkono mgumu. Kila mstari una rangi mbili tu, hata kama sweta nzima ina kumi. Rangi isiyotumika hupita kwa nyuma, kwa hiyo vazi huwa na tabaka mbili na joto maradufu. Wenyeji hufuma kwa kuzunguka, bila mshono, kwa sindano ndefu zenye ncha pande zote mbili. Sindano moja huchomekwa kwenye mkanda wa ngozi unaofungwa kiunoni, wenye kijimto kilichojazwa singa za farasi na kutobolewa matundu. Mkanda ukishika uzito, mkono wa kulia unabaki huru, na kasi yake lazima uione kwa macho. Zamani wanawake walifuma hivyo huku wakitembea, na kikapu cha mboji ya kuwashia moto kiko mgongoni. Sisi tuliojifunza darasani kwa spoki za baiskeli zilizonolewa kwenye sakafu tunajua maana ya kufuma kwa kilichopo.

Kinachotisha ni mkasi. Ukimaliza kufuma bomba zima la sweta, unalikata katikati kwa mkasi ili kufungua kifua na matundu ya mikono! Uzi wa Shetland una vinyweleo vinavyong'ang'aniana, ndiyo maana vitanzi havifumuki. Ukijaribu hivyo na uzi wa akriliki au merino inayoteleza, bila kwanza kushonea pembeni, utalia. Sweta ya Mama nitaifuma hivyo, yenye vifungo mbele, na nimekwisha kumwekea shaela na nyeupe.

Sasa nije kwenye kubadilishana, maana hapo ndipo sufu yako ilipofanya kazi.

Jumapili kumbi za vijiji huandaa chai. Unalipa kidogo, unakula keki hadi unasema basi, na fedha huenda kwenye mahitaji ya kijiji. Kwanza tulipewa supu ya nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa chumvi. Ungeipenda. Baada ya chai tulijikuta mezani wafumaji kadhaa, na mifuko ikafunguliwa. Yule mama wa Norway alitoa uzi wa kwao, mwenyeji mmoja mzee alitoa uzi mwembamba wa shali, nami nikatoa vitita vyako vya kijivu.

Mazungumzo yalikatika. Kitita kilipita mkono kwa mkono. Mmoja alivuta uzi kidogo akausokota kinyume ili aone umejengwaje, mwingine akaunusa, mwingine akauweka shingoni kupima kama unawasha. Kisha maswali: kondoo gani? Nani amesokota? Wanafugwa wapi? Nikatoa kile kikaratasi chako. Uliandika kwamba ni kondoo mchanganyiko wa Corriedale na merino, kwamba manyoya yalioshwa na kuchanwa kwa mkono, na kwamba yalisokotwa kwa gurudumu na kina mama wa Nanyuki Spinners and Weavers, kikundi kilichoanza mwaka 1977. Nikaongeza kwamba ikweta inapita hapo mjini, na kwamba asubuhi Mlima Kenya hutuma baridi inayohitaji sweta kwelikweli. Wao wako digrii 60 kaskazini, na sufu ya digrii sifuri iko mikononi mwao. Yule mzee aliniambia hakujua kabisa kwamba kwetu kuna kondoo wa sufu.

Uzi wenyewe ulikuwa mzuri, lakini kikaratasi ndicho kilichoukalisha mezani sawa na nyuzi za wengine. Bila hicho ungekuwa zawadi kutoka Afrika, ya kusifiwa kwa adabu na kurudishwa kwenye mfuko. Kwa kuwa na jina la kondoo, mahali na waliosokota, ukawa uzi wenye ukoo, na wafumaji wale ukoo wa uzi wanauheshimu.

Nilikuwa nimejiwekea sharti kuhusu kubadilishana. Lilitokana na niliyoyaona siku moja kabla kwenye jumba la makumbusho la Shetland, pale Hay's Dock. Kuna habari za Gunnister, ambako mwaka 1951 wachimba mboji walikuta maiti ya mtu wa mwishoni mwa karne ya 17, na kwenye nguo zake pochi ndogo iliyofumwa kwa nakshi za rangi. Lakini nililotoka nalo moyoni ni jambo jingine. Kwa miaka mingi wanawake wa visiwa hivi waliofuma shali na soksi hawakulipwa fedha. Mfanyabiashara aliwapa bidhaa za dukani kwake, majani ya chai au kitambaa, kwa bei aliyopanga mwenyewe. Aliyehitaji unga wa kulisha watoto alilazimika kutembea na majani yake ya chai akitafuta mtu wa kubadilishana naye. Mwaka 1872 serikali ilifanya uchunguzi na wanawake wakatoa ushahidi mmoja baada ya mwingine. Dhuluma ile haikukoma papo hapo.

Kwa hiyo pale mezani sikukubali kupima gramu kwa gramu. Uzi wa mashine hutoka kwa kasi, uzi wa mkono umekula siku za mtu. Niliwaeleza hivyo, na hakuna aliyebisha. Kwa kitita chako kimoja nilipewa viwili vya Norway, na yule mzee akanipa uzi wake wa shali uliosokotwa kwa mkono, mkono kwa mkono, haki bin haki. Ni mwembamba kiasi kwamba shali kubwa iliyofumwa kwa uzi wa aina hiyo hupita ndani ya pete ya ndoa. Kazi hiyo ni sifa ya kisiwa cha Unst. Zamani manyoya yake hayakukatwa kwa mkasi, yalinyonyolewa kwa vidole wakati kondoo anapoyapukutisha mwenyewe, ili ncha zibaki laini. Uzi huo sitaugusa hadi mkono wangu uustahili.

Kabati sasa limejaa. Nimeziosha zile za mkono, nimekausha, na kila aina iko kwenye mfuko wake uliofungwa barabara, maana nondo wa huku hawana huruma. Zinazotiliwa shaka hukaa kwanza kwenye friza. Nina daftari la mahali kila uzi ulipotoka, nilivyoupata, na vazi ulilokusudiwa. Mume wangu anauliza zote hizi zitafumwa lini. Namwambia zina wenyewe: za Mama, zako, za watoto, na nyingine ni mbegu ya kubadilishana. Akiba ya nyuzi usiyojua zilikotoka ni mzigo tu, lakini hii naweza kukusimulia donge kwa donge.

Sisemi vibaya uzi wa akriliki. Ule tuliokuwa tukinunua Biashara Street, Nairobi, ndio uliotulea, na sweta za shule bado zinautaka kwa sababu unafuliwa kila siku na bei yake inawezekana. Lakini inaniuma kwamba mfumaji wa Nairobi anaweza kuzeeka bila kushika sufu ya kondoo wa huko Nanyuki, na sufu ileile ikitoka nje ya kijiji inakuwa zulia la mgeni.

Basi nakuomba hivi. Nenda pale Nanyuki uninunulie kilo mbili za kijivu kisichotiwa rangi, na nusu kilo ya nyeupe. Bei watakayotaja ulipe, usiombe kupunguziwa hata shilingi. Kwenye kila kitita weka kikaratasi: kondoo gani, ametoka wapi, na jina la aliyesokota ikiwa mwenyewe anaridhia liandikwe. Wape na wenzako wa kanisani wanaofuma kitita kimoja wajaribu, gharama ni yangu. Kifurushi kinifikie kabla ya Machi, maana nusu yake nimemwahidi yule mzee wa Shetland, naye ameniambia anaisubiri.

Nisalimie wote.

Ni mimi mdogo wako.